Siku Ambayo Vernetta Hakuiomba

Kitu cha kwanza Vernetta alichokiona asubuhi ile kilikuwa kalamu. Bwana Hutto, msimamizi wa chumba cha kufulia nguo za hospitali, hakuwa mtu wa kalamu. Ratiba ya zamu aliiandika kwa penseli fupi aliyoichomeka nyuma ya sikio, na kila juma aliifuta na kuiandika upya mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Leo sikio lilikuwa tupu. Mkononi alikuwa na kalamu ya wino mweusi, mpya, na kwapani fomu ndefu yenye majina yao wote.

Vernetta, shuka la moto mikononi, akajua siku imefika.

"Haya, akina mama, zimeni mashine dakika tano," Bwana Hutto alisema. "Serikali ya jimbo inataka kujua mnataka kupumzika lini."

Jambo hili lilikuwa la kila Desemba. Hospitali ilikuwa mali ya jimbo, na jimbo lao la South Carolina halikutaka kuwaudhi wazungu wake wala kuonekana linawanyima weusi, kwa hiyo likawaambia wafanyakazi wachague wenyewe. Namba moja ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Dakta King, mwezi Januari. Namba mbili, mwezi huohuo, kuzaliwa kwa jenerali wa majeshi ya Kusini, yale yaliyopigana ili utumwa ubaki. Namba tatu ilikuwa ya mwezi Mei, kuwakumbuka askari wa jenerali huyo. Namba nne, Juni, kuzaliwa kwa yule waliyemfanya rais wao. Unachagua moja, unalipwa siku hiyo ukiwa nyumbani, na zile nyingine unakuja kazini kama kawaida.

"Ninyi mkiandika wenyewe mnachafua fomu," Bwana Hutto alisema, akafungua kifuniko cha kalamu kwa meno. "Nitaita jina, unataja namba. Sitaki hotuba. Luvenia?"

Bi Luvenia alikuwa na umri wa kumzaa Bwana Hutto, ila yeye alimwita jina tupu hivyohivyo, na Bi Luvenia alikwisha kuzoea. "Tatu," alisema.

"Mei?" Earline aliruka kama aliyemwagiwa maji. Earline alikuwa msichana mwembamba, mdomo wake haukujua foleni. "Bi Luvenia! Unakwenda kuwalilia waliomfunga minyororo babu yako?"

"Silii mtu mimi. Mwezi wa Mei kambare wanakula chambo. Januari nitakaa wapi na ndoana yangu, kwenye barafu? Acha hao askari wanilipe nikae mtoni siku nzima. Ndiyo faida pekee watakayonipa tangu wazaliwe."

Watu wakacheka, hata Donna Faye, mzungu pekee katika meza ya kukunjia.

"Na mimi niandike tatu," Donna Faye alisema. "Sina ubaya na mtu, mnanijua. Lakini mnisaidie kuelewa. Baba yangu alipigana Korea, amerudi hana vidole vya mguu, hana siku. Mchungaji mmoja anatembea barabarani na kuhutubia, anapewa siku ya nchi nzima?"

"Baba yako alipewa bunduki," Earline alisema. "Yule alitembea mikono mitupu, na kila asubuhi alijua watamuua. Na walipokwisha kumuua, wewe na mimi leo tunakunywa maji kwenye bomba moja. Nikupe sababu nyingine au hiyo inatosha?"

"Maji ya bomba lile yana kutu," Bi Luvenia alisema. "Siku hiyo ingekuja na fundi, hapo ningeichagua."

"Nimesema sitaki hotuba," Bwana Hutto alisema. "Earline?"

"Moja! Andika kwa herufi kubwa."

"Ni namba. Haina herufi." Akaandika. "Vernetta?"

Neno lilikuwapo mdomoni. Alilifanyia mazoezi tangu Jumapili, akitembea kando ya barabara, akifua, akikoroga uji wa mahindi wa bibi yake. Moja. Namba moja, Bwana Hutto. Alikuwa na sababu ambayo hata Earline hakuwa nayo.

Sababu yenyewe ilikuwa ya mwaka wa hamsini na tano, kabla yeye hajazaliwa. Watu ishirini na tisa wa kanisa lao walitia majina kwenye karatasi ya kudai watoto weusi waingie shule moja na wazungu. Jina la saba lilikuwa Izora Frierson, bibi yake. Alhamisi gazeti la mji likayachapa majina yote. Ijumaa mwenye shamba walilokuwa wakilima akaja na kumwambia Bi Izora aondoke, na pamba ikiwa bado imesimama shambani haijachumwa. Dukani hawakuuziwa tena hata chumvi. Tangu siku ile Bi Izora alifagia nyumba za watu katika mji wa pili, na alipoachiwa mjukuu wa kulea, kwa kuwa mama wa mtoto alikwenda Philadelphia asirudi, alimfundisha jambo moja kabla ya sala: jina lako usiliweke mahali watakapolisoma, na mdomo wako usiufungue mbele yao. Vernetta alilishika somo hilo kuliko yote ya shule, ambayo hata hivyo aliiacha darasa la tano, miguu ya bibi ilipoanza kuvimba.

Sasa Bi Izora alikuwa na miaka sabini na minane, na kiharusi kilikuwa kimemchukulia upande wa kulia pamoja na ulimi. Na Jumapili iliyopita Mchungaji Gethers alitangaza kwamba siku ya King, saa sita mchana, kanisa litayasoma yale majina ishirini na tisa kwa mara ya kwanza tangu yachapwe. Itafuatwa desturi ya kanisa lao ya kuwaita wazee: jina husomwa hadi mara tatu. Aliye hai hujibu mwenyewe, "Nipo." Aliyekufa au asiyeweza, husimama mtu wa damu yake na kujibu, "Yupo." Na yule ambaye hakubakiwa na mtu duniani, kengele hupigwa mara moja, kisha huendelea na jina linalofuata.

Bi Izora aliposikia hayo aliushika mkono wa mjukuu wake kwa ule mkono wa kushoto uliobaki mzima, akaubana toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Hakuwa na damu nyingine mjini isipokuwa Vernetta.

"Vernetta," Bwana Hutto alirudia. "Januari au Mei?"

Wote walikuwa wanamtazama. Donna Faye alikuwa anatafuna ubani. Ncha ya kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi, karibu na jina lake, na Vernetta aliliona jina lenyewe limepigwa chapa, Frierson, V., kama lilivyokuwa limepigwa chapa lile jingine. Akatazama viatu vyake.

"Nakuweka Mei na hawa wenzako, sawa?" Bwana Hutto alisema, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa na majina mengine kumi na matatu.

Kichwa cha Vernetta kikainama, kikainuka. Chenyewe. Hakukiagiza.

Wino ukaandika tatu.

*

Nyumbani alimkuta Shemasi Odell amekuja kuleta kuni na bakuli la kunde. Shemasi Odell alikuwa na gari, na ndiye aliyempeleka Bi Izora kanisani kila Jumapili.

"Enhe, mwanangu, mmeshachagua siku?" Shemasi aliuliza. "Bibi yako toka asubuhi anautazama mlango."

Bi Izora, kwenye kiti chake karibu na jiko, alimtazama Vernetta kwa macho yake mawili, moja kubwa na moja lililolegea.

Vernetta alivua koti polepole. Alitaka kusema ilivyokuwa. Lakini ilivyokuwa haikusemeka. Ungeanzia wapi? Kwamba niliulizwa, na nilikuwa nataka, na jibu nilikuwa nalo?

"Amenikatalia," alisema. "Bwana Hutto. Ameniandika Mei."

Bi Izora alipiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto. Sauti ikamtoka kooni, ile sauti moja tu aliyobakiwa nayo, na jicho lililolegea likatoa chozi.

"Mei!" Shemasi Odell alisema. "Siku ya wale wale! Amekufanyia makusudi. Basi usiwe na wasiwasi, binti. Hili halitaishia hapa."

"Hapana, Shemasi, acha tu."

"Niache? Niache kwa nini? Tuliacha miaka mingapi?"

Akaondoka na kofia mkononi, hata kuivaa amesahau. Vernetta akamlisha bibi yake kunde kijiko kwa kijiko, na kila kijiko Bi Izora aliutafuta mkono wake na kuupapasa, kumpa pole.

*

Jumapili iliyofuata, kabla ya mahubiri, Shemasi Odell alisimama mbele na karatasi. Hakuna mwingine hata mmoja wa chumba cha kufulia aliyesali kanisa lile, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkatiza.

"Ndugu zangu," alisema, "sisi tuliotia sahihi hapa chini tunamlalamikia msimamizi aitwaye Hutto, ambaye kwa chuki amemnyima Vernetta Frierson haki aliyopewa na sheria ya jimbo, ya kuchagua siku ya King. Tunapeleka nakala kwa mkuu wa hospitali na kwa gazeti."

"Sema, Shemasi!" watu wakaitikia.

"Walisema King hastahili siku. Wakashindwa, sheria ya siku hiyo ikapita. Sasa wanaipitisha kwa mlango wa mbele na kuitoa kwa mlango wa nyuma. Binti yetu ndiye atakayetia jina la kwanza, nasi tutafuata."

Wakamletea karatasi pale alipoketi, benchi la pili, pembeni ya kiti cha magurudumu cha bibi yake. Mtu akaweka kitabu cha nyimbo chini ya karatasi ili isitoboke. Kalamu hakupewa na Shemasi. Alipewa na Bi Izora. Mwanamke aliyemfundisha asiandike jina lake mahali popote aliichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaiweka katikati ya vidole vya Vernetta, akavifunga vidole kimoja kimoja juu yake.

Mtu mmoja akapiga chafya, akaomba radhi.

Vernetta aliisoma sentensi ile mpaka ikapoteza maana. Alijua itakavyokuwa. Bwana Hutto ataitwa ofisini, naye atawaita Earline, Bi Luvenia na Donna Faye, na wote watatu watasema kweli: aliulizwa mara mbili. Na gazeti lililochapa jina la bibi yake litachapa na lake, safari hii kama mwongo, na wale wanaosema King hakustahili siku watalikata na kulibandika madukani. Alijaribu kumtafutia Bwana Hutto kosa litakalobeba sahihi yake. Alimpata akimwita Bi Luvenia jina tupu. Alimpata akiwagawia wazungu zamu za asubuhi. Makosa yalikuwapo. Hili moja tu hakulitenda.

Angesimama sasa hivi akaeleza, yangekwisha. Nyuso sabini zilikuwa zimemgeukia.

"Siwezi," alisema, kwa sauti ambayo benchi la tatu halikuisikia.

"Unasemaje, binti?"

Akaiweka kalamu juu ya kitabu cha nyimbo.

"Anaihofia kazi yake," Shemasi Odell alisema. Alijaribu kulisema kwa upole. "Tusimlaumu. Hata wakati ule wengi waliogopa."

"Mjukuu wa Izora Frierson," mama mmoja alisema nyuma, kama anayeiambia sakafu.

Barua ilikunjwa ikarudishwa mfukoni. Bi Izora alitazama mbele, msalabani, na mkono wake wa kushoto ukalala mapajani mwake mwenyewe.

*

Jumatatu Vernetta alikwenda mpaka mlango wa kibanda cha Bwana Hutto, akasimama. Katika miaka mitatu hakuwahi kufika pale bila kuitwa. Bwana Hutto alikuwa anakula mkate na yai, na alipoinua macho alishtuka.

"Kuna mashine imeungua?"

"Hapana, bwana. Ile siku. Naweza kubadilisha?"

"Siku gani?"

"Ile ya Januari."

Bwana Hutto alifuta vidole kwa karatasi. "Fomu iko Columbia, makao makuu ya jimbo, tangu Ijumaa, Vernetta. Mara hii wametuletea na kalamu yenyewe, ili tusifute. Mwaka jana watu walibadilisha mpaka hesabu ikawatia wazimu." Alimtazama vizuri, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Kwa nini hukusema? Nilikuuliza mara mbili. Mimi hata mke wangu simuulizi mara mbili."

"Sijui, bwana."

"Ukiwa mgonjwa siku hiyo, watataka cheti cha daktari. Ukikosa tu, sina la kukusaidia, unajua." Akaushika mkate, akauweka tena. "Mwakani nitaanza na wewe. Sawa? Nitakuandika kabla sijauliza mtu."

Alisema kwa wema. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

Earline alikuwa anasikiliza nje, na hakuficha kwamba alikuwa anasikiliza. Akaingia kama upepo. "Bwana Hutto, mpe yangu. Mimi nitafanya kazi, yeye aende."

"Malipo yanakwenda kwa jina, Earline. Jina halibadilishwi."

Wakatoka pamoja, na Vernetta akamweleza habari ya yale majina ishirini na tisa. Earline alitembea hatua kama kumi bila kusema, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa. Kisha akashindwa.

"Nilikuwa nimesimama pembeni yako! Ungenikanyaga mguu, ningekusemea! Watu wamepigwa virungu, Vernetta, wameumwa na mbwa, ili siku moja mzungu aje na karatasi akuulize wewe unataka nini. Akaja. Akakuuliza. Wewe ukatazama viatu."

"Najua."

"Unajua! Sasa utamwambiaje bibi yako?"

Bibi yake alikuwa ameshaambiwa.

*

Siku ya King ilianza na baridi kali. Vernetta alimwamsha bibi yake kukiwa bado giza kidogo, akamvisha gauni la zambarau na kofia ya manyoya ya bata ambayo haikuvaliwa tangu mazishi ya babu. Akampaka mafuta mikononi. Akamsafisha meno. Bi Izora alijiachia avishwe, kisha, Vernetta alipochukua koti lake la kazi, akautazama mlango, akamtazama yeye, akautazama tena mlango. Uso wake haukuwa wa mtu anayeaga. Ulikuwa wa mtu anayekubaliana na mwenzake: haya, tutakutana kulekule.

"Shemasi atakuja kukuchukua saa tano, Bibi," Vernetta alisema. "Mimi nakwenda kazini."

Bi Izora alitikisa kichwa kuitikia, na tabasamu la upande mmoja likampita.

Vernetta alilielewa tabasamu lile alipokuwa barabarani. Bibi yake hakuamini. Bi Izora aliyesimama mbele ya mwenye shamba hakuamini kwamba mtoto aliyemlea yeye ataacha siku hiyo ipite. Alidhani Vernetta ana jambo amelificha. Alidhani ataikimbia kazi.

Katika chumba cha kufulia walikuwa watu saba badala ya kumi na saba. Shuka zilikuwa zilezile. Hospitali haina sikukuu, wagonjwa hulowesha vitanda siku ya King kama siku nyingine. Vernetta alisimama na Bi Luvenia kwenye mashine ya kunyooshea, yeye upande wa kuingiza, Bi Luvenia upande wa kupokea, na Donna Faye alikunja.

Saa tano na nusu alitazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro robo akaitazama tena.

"Ukiitazama hivyo itasimama," Bi Luvenia alisema.

"Bi Luvenia, nikitoka sasa hivi…"

"Ukitoka sasa hivi kanisa liko maili sita, basi halipiti, na dawa za Bi Izora zinatoka kwenye kadi ya bima ya kazi hii. Nimekuhesabia toka asubuhi, mwanangu. Nimejaribu kila njia. Hazikutani."

Donna Faye aliacha kukunja. "Ningekupeleka, Vernetta. Kweli tena. Ila gari analitumia mume wangu, Wayne." Kisha akasema, kama anayejitetea kwa mtu ambaye hakumshtaki, "Mimi sikujua kwamba ni jambo la bibi yako, mpaka Earline alipotuambia. Nilidhani ni la yule mtu tu."

Saa sita ikafika, mshale juu ya mshale, na shuka jingine likaingia kwenye mashine na kutoka limenyooka. Vernetta alihesabu majina kwa shuka. La kwanza, la pili. Kufika la saba, mikono yake ilikataa kushika, na Bi Luvenia akazunguka meza, akamsogeza pembeni taratibu, akashika pande zote mbili peke yake.

"Usililie kwenye shuka za watu," alisema. "Kaa pale."

*

Zamu ilikwisha saa tisa. Alipofika nyumbani gari la Shemasi Odell lilikuwa bado nje, na Shemasi mwenyewe alikuwa amekaa ngazini na suti yake, ingawa baridi ilikuwa ya kukata masikio.

"Nimemwacha alale kidogo," alisema. Hakumwita binti. "Nimeona nikueleze mimi, usije ukayasikia kwa watu."

"Nieleze."

"Wamesoma majina. Sita ya kwanza yamejibiwa. Mjukuu wa Cephas, mmoja wa hao sita, amesafiri kutoka Atlanta. Wamefika kwa bibi yako. Mchungaji amesoma, Izora Frierson. Mimi nilikuwa nimekishika kiti chake, nikataka kusimama. Nikasema moyoni, damu si damu, nitajibu. Bibi yako akanishika mkono wa koti." Shemasi alionyesha mahali. "Vernetta, yule mama ana nguvu. Alinivuta chini. Akageuka kuutazama mlango. Mchungaji akasoma mara ya pili. Watu wote wakageuka nao kuutazama mlango. Na upepo ulikuwa unausukumasukuma, kila ukisogea tunadhani ni wewe."

Vernetta alishika nguzo ya baraza.

"Mara ya tatu," Shemasi alisema, "Mchungaji amengoja mpaka watoto wakaanza kulia. Halafu yule anayeshika kengele, mgeni, kijana wa watu, hamjui bibi yako, akafuata alivyoelekezwa. Akapiga."

"Akapiga kengele."

"Akapiga. Na mwenyewe ameketi pale na kofia yake." Akasimama, akajipangusa suruali. Akaenda kwenye gari, na gari likakataa kuwaka mara mbili kabla halijakubali.

Bi Izora hakuwa amelala. Alikuwa kitini karibu na jiko, gauni la zambarau likiwa bado mwilini, kofia ameivua na kuiweka mapajani, na kwa mkono wa kushoto alikuwa akiyalainisha manyoya yake kwenda upande mmoja. Vernetta alivuta kigoda, akaketi mbele yake, chini, alivyokuwa akiketi zamani kusukwa nywele. Moto ulikuwa umebaki makaa. Bi Izora aliusogeza mkono wake kutoka kwenye kofia, akaupapasa mkono wa mjukuu, pole, pole, akatikisa kichwa kuelekea upande wa hospitali na kuukunja mdomo wake mzima kwa dharau. Alikuwa anamlaani Bwana Hutto.

Mbele yake sasa alikuwa mtu mmoja tu, na hakuwa na ulimi wa kumjibu. Hata hivyo macho yake yalitaka kurudi kwenye viatu. Vernetta aliyainua mpaka kwenye uso wa bibi yake, akasema.

"Hakuninyima, Bibi. Aliniuliza mbele ya watu, mara mbili. Aliposema Mei nikaitikia kwa kichwa, mdomo nikaufunga."

Mkono uliokuwa unapapasa ukasimama.

"Nilitaka namba moja," alisema. "Nilitaka siku ya King."